Kaburi Lisilofagiwa: Wosia na Sauti za Waliotangulia katika One Kind Favor ya B. B. King

Utangulizi

Kazi ambazo msanii huzitoa katika uzee wake aghalabu hupokewa na wahakiki kwa namna mbili, na zote mbili haziridhishi. Namna ya kwanza ni ya heshima: mzee amekula chumvi nyingi, jina lake limeenea, na kwa hiyo kila anachokitoa husifiwa hata kabla hakijasikilizwa. Namna ya pili ni ya ulinganishi: sauti ya leo hupimwa kwa mizani ya sauti ya jana, na kwa kuwa pumzi za mzee si pumzi za kijana, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla ya ushahidi. Mhakiki wa kwanza anaamkia mvi, wa pili anazililia. Wote wawili wanaikwepa kazi yenyewe.

Makala hii inadhamiria kuihakiki albamu ya One Kind Favor ya mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi, B. B. King, iliyotolewa Agosti 2008, wiki chache kabla msanii huyo hajatimiza umri wa miaka 83. Ndiyo albamu yake ya mwisho ya studio. King alifariki tarehe 14 Mei 2015. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba albamu hii ni wosia, lakini wosia wenye sura ya pekee: anayeusia haiombei nafsi yake tu, bali anawaombea pia waliomtangulia ambao ombi lao halikusikizwa walipolitoa. Aidha, inaonyeshwa kwamba nguvu za albamu na udhaifu wake zinatoka katika chemchemi moja, yaani uamuzi wa msanii kusema kwa maneno ya wengine pekee.

Yamkini atatokea msomaji wa kuuliza kazi hii inahusiana nini na taaluma ya fasihi, na hasa fasihi inayofundishwa kwa Kiswahili. Jibu si kudai kwamba bluzi imezaliwa na nyimbo za mwambao, wala kwamba pana ukoo wa siri baina ya Mississippi na Lamu. Madai ya namna hiyo ni rahisi kutolewa na vigumu kuthibitishwa. Jibu ni kwamba wimbo ni utanzu wa fasihi simulizi, na nyenzo zinazotumiwa kuchunguza uhusiano wa fanani, utungo na hadhira zinafaa popote pale ambapo utungo hupokezanwa kwa kinywa na sikio. Mtihani wa nyenzo hizo ni kama zinaweza kufanya kazi nje ya uga zilikozoea kulimwa.

Msanii na Safari Yake

Riley B. King alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925 katika eneo la Delta la jimbo la Mississippi, ambako watu weusi walilima pamba katika mashamba ya wengine kwa masharti yaliyowafunga katika madeni. Alifiwa na mama yake akiwa bado mtoto, na katika ujana wake alikuwa dereva wa trekta karibu na mji wa Indianola. Elimu yake ya kwanza ya bluzi haikutoka katika vilabu vya usiku bali katika gramafoni ya shangazi mkubwa wa mama yake, aliyekuwa na santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Majina haya mawili yafaa kukumbukwa, kwani ndiyo yanayofungua na kuifunga albamu inayohakikiwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia King alihamia Memphis, akawa mtangazaji katika kituo cha redio cha WDIA, na huko ndiko alikopata lakabu iliyofupishwa kuwa B. B. Wimbo wake ‘3 O'Clock Blues’, uliorekodiwa mwaka 1951, ulimpandisha hadi kilele cha soko la wasikilizaji weusi. ‘The Thrill Is Gone’, uliotolewa mwaka 1969, ulimfikisha kwa wasikilizaji wa kila rangi. Katika mwaka wa 1956 peke yake alipiga maonyesho 342. Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Picha za tamasha hilo zilikaa ghalani kwa miaka mingi, zikaja kuonyeshwa katika filamu ya Soul Power ya mwaka 2008. Hivyo mwaka mmoja uliwaletea wasikilizaji wa King sura mbili za mtu mmoja: mwanamume wa miaka 49 aliyesimama jukwaani akitokwa jasho, na mzee wa miaka 82 anayeomba hisani.

Muktadha wa karibu zaidi nao una uzito. Katika muongo uliotangulia One Kind Favor, King alikuwa amezoezwa kuimba pamoja na wageni. Deuces Wild ya mwaka 1997 ni mkusanyiko wa nyimbo za kupokezana na wanamuziki mashuhuri. Riding with the King ya mwaka 2000 aliifanya na Eric Clapton. Na albamu ya kuadhimisha miaka yake 80, iliyotoka mwaka 2005, ilijaa tena wageni. Kazi hizo ziliuza na zikatunzwa. Hata hivyo, katika nyingi kati ya hizo King amegeuzwa kuwa mwenyeji wa karamu: anawakaribisha wengine, anawacheka kwa upole, anawaachia nafasi. One Kind Favor inavunja desturi hiyo. Hakuna mgeni anayepokezana naye ubeti. Kinywa ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu hiyo swali la nani anasema linaweza kuulizwa kwa makini.

Uteuzi Kama Utunzi

Albamu ina nyimbo 12, na hakuna hata mmoja uliotungwa na King. Zimo za Blind Lemon Jefferson, Lonnie Johnson na T-Bone Walker. Zimo mbili za kundi la Mississippi Sheiks. Umo wa Howlin' Wolf, na nyinginezo ambazo nyingi zilivuma kati ya miaka ya 1920 na 1950. Mhakiki aliyelelewa katika dhana ya mtunzi mmoja mwenye hati miliki anaweza kuona hapa dalili ya kuishiwa: mzee hana jipya, ndiyo maana anakopa.

Mtazamo huo hauwezi kusimama mbele ya mwanafunzi wa fasihi simulizi. Katika fasihi simulizi fanani hapimwi kwa kuwa wa kwanza kusema, bali kwa namna anavyolisema lililokwisha kusemwa, kwa wakati gani, mbele ya nani, na baada ya lipi. Manju anayeongoza wimbo wa mazishi hadaiwi athibitishe kwamba maneno ni yake. Anadaiwa ayalete pale yanapohitajika. Kwa kipimo hicho uteuzi ni utunzi, na mpangilio ni hoja.

Hoja hiyo inaonekana hasa katika mipaka ya uteuzi. King hakuchagua nyimbo za wadogo zake, yaani waliojifunza kutoka kwake, ingawa hao ndio waliompa umaarufu kwa vijana wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960. Amechagua wakubwa wake na rika lake. Howlin' Wolf alirekodi ‘How Many More Years’ mjini Memphis mwaka 1951, mwaka uleule na katika mji uleule ambamo King alirekodi wimbo uliomtoa. Wote hawa walikuwa wamekwisha kufa albamu ilipotengenezwa. Kwa hiyo anayeimba ni aliyebaki, na nyimbo anazoziimba zinawekwa kama majina yanayosomwa katika hitima, moja baada ya jingine, na msomaji ni yule mmoja ambaye jina lake bado halijafikiwa.

Ombi na Mwenye Kuombwa

Wimbo wa kwanza ni ‘See That My Grave Is Kept Clean’, uliorekodiwa na Jefferson mwaka 1927 na tena mwaka 1928. Jina la albamu limechotwa humo: mtu anaomba hisani moja tu, nayo ni kaburi lake litunzwe lisije likamezwa na magugu.

Fani ya wimbo huu inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ubeti wa kawaida wa bluzi ni wa mishororo mitatu, na kwa idadi hiyo unaweza kufananishwa na tathlitha. Lakini mshororo wa pili haujengi juu ya wa kwanza, bali unaurudia, na wa tatu ndio unaoleta jibu au mgeuko. Jefferson ameirefusha kanuni hii. Mshororo wa kwanza unasemwa mara tatu, na ombi lenyewe linachelewa hadi wa nne. Athari yake ni ya mtu anayebisha hodi mara tatu kabla hajaeleza shida yake. Msikilizaji anajua kwamba kuna jambo linaloombwa. Hajui ni lipi. Na kila marudio yanamwongezea deni la kusikiliza.

Katika kinywa cha Jefferson, aliyekuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, ombi hili lilikuwa na ubaridi wa kutisha. Sauti yake ni nyembamba na ya juu, gitaa ni moja, na picha za jeneza, kengele na farasi weupe zinapita kama mazishi yanayotazamwa kutoka mbali. King anaugeuza. Ngoma za Jim Keltner zinaingia kwa mdundo mzito wa mwendo, Dr. John yuko kwenye piano, na besi ya Nathan East inakokota chini. Msafara uko hapa, na anayeongoza ndiye anayezikwa. Sauti ya King haina majonzi ya kujihurumia, ina amri. Mzee hasihi, anaagiza. Tofauti hiyo ya toni ndiyo inayoupeleka wimbo kutoka katika maombolezo hadi katika wosia.

Wosia kama utanzu una masharti yake, na fasihi ya Kiswahili inayajua. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 anayesema ni mama mgonjwa, anayeambiwa ni binti yake, na kinachokabidhiwa ni mwongozo wa maisha. Mamlaka ya utendi ule yanasimama juu ya nguzo mbili: anayeusia yu karibu na kifo, na anayeusiwa anajulikana kwa uhusiano, hata kama baadaye wasomaji wengine watajiweka mahali pake. One Kind Favor ina nguzo ya kwanza bila shaka yoyote. Nguzo ya pili ndiyo yenye utata. ‘Wewe’ anayeombwa katika wimbo wa kwanza hana jina wala ukoo. Si mwana, si mke, si mwanafunzi. Ni yeyote aliyeiweka santuri. Je, wosia unaoachiwa yeyote ni wosia kweli, au ni bidhaa iliyovikwa kanzu ya wosia? Mhakiki hawezi kulikwepa swali hili, kwani linagusa ukweli wa kazi nzima.

Makaburi Mawili

Sehemu ya jibu inapatikana nje ya matini, katika yaliyowapata wenye nyimbo. Blind Lemon Jefferson alikuwa miongoni mwa waimbaji wa bluzi waliouza santuri nyingi zaidi katika miaka ya 1920, katika soko lililotengwa rasmi kwa wanunuzi weusi. Alifia Chicago Desemba 1929, akazikwa Wortham, Texas. Kaburi la mtu aliyeuomba ulimwengu ulitunze kaburi lake lilikaa bila alama hadi mwaka 1967. Makaburi yale yalipewa jina lake mwaka 2007, mwaka mmoja kabla King hajaitoa albamu yake.

Wimbo wa kumi katika albamu ni ‘Backwater Blues’, ambao Bessie Smith aliurekodi Februari 1927. Katika msimu wa machipuko wa mwaka huohuo Mto Mississippi ulifurika na kuisomba Delta, na wasikilizaji wakauchukua kuwa wimbo wa gharika hiyo. King mwenyewe alikuwa wakati ule mtoto wa mwaka mmoja na miezi katika Delta ileile. Bessie Smith alikufa mwaka 1937 baada ya ajali ya gari huko Mississippi, akazikwa Pennsylvania, na kaburi lake nalo halikuwekewa jiwe hadi mwaka 1970.

Kwa hiyo albamu inabeba makaburi mawili yaliyosahauliwa kwa miongo mitatu na zaidi, la mwanamume na la mwanamke, na wote wawili walikuwa waimbaji walioyatajirisha makampuni ya santuri. Sauti zao ziliuzwa. Miili yao haikupewa hata jina. Msikilizaji anayelijua hili hawezi tena kuusikia wimbo wa kwanza kama hofu ya faragha ya mtu mmoja. Ombi lilitolewa mwaka 1927, likanunuliwa, likachezwa katika maelfu ya nyumba, na halikutekelezwa. King analirudisha mezani baada ya miaka 81. Anapolirudia, hasemi tu ‘nitunzeni’. Anasema pia ‘hamkumtunza’. Hapo ndipo ‘wewe’ asiye na jina anapopata sura. Anayeombwa ni hadhira ileile iliyokwisha kuombwa mara moja ikapuuza, na kutojulikana kwake si kasoro ya wosia bali ndiyo shutuma yake.

Usomaji huu unaweza kupingwa kwamba unakitwika kinywa cha msanii mzigo asioutangaza. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba haudai kuijua nia ya King. Unadai tu kwamba nyimbo hizi zikiwekwa katika mpangilio huu, na mtu mwenye historia hii, zinazaa maana hiyo. Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir magofu ya Pate hayana haja ya kueleza nia zao. Kuyataja kwa mpango tu kunatosha kumhukumu aliye hai. Ulinganishi uishie hapo. Al-Inkishafi inaielekeza nafsi kwenye akhera, ilhali bluzi inabaki na udongo na magugu, na haimtaki mtu ila aje na jembe.

Sauti, Gitaa na Kimya

King alizoea kukiri kwamba hakuwa hodari wa kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Ukomo huo aliugeuza kuwa mtindo. Katika ubeti wa bluzi wenye vipimo 12, kila mshororo hupewa vipimo vinne, na maneno hujaza nusu hivi tu. Nusu iliyobaki ni uwazi. King huimba, kisha hunyamaza, na Lucille, kama alivyoyaita magitaa yake tangu mwaka 1949 alipoliokoa moja katika klabu iliyoshika moto huko Twist, Arkansas, humjibu. Huo ndio muundo wa mwito na kiitikio, ila kiitikio hakitoki kwa umati. Kinatoka katika vidole vya mwimbaji yuleyule.

Katika kazi za ujana, kwa mfano Live at the Regal iliyorekodiwa Chicago mwaka 1964, jibu la gitaa hushindana na sauti. Sauti ikipanda, gitaa hupanda zaidi, na hadhira inayopiga kelele huwa mshiriki wa tatu. Katika One Kind Favor ushindani huo umekwisha. Gitaa linajibu kwa noti chache, mara nyingine noti moja inayotikiswa kwa kidole cha kushoto hadi inafanana na koo la binadamu, kisha linaacha nafasi. Ndipo kimya kinapoanza kuwa sehemu ya utungo. Sikio lililozoea wingi litaona hapa upungufu wa nguvu, na kwa kiasi fulani ndivyo, kwani mwili wa miaka 82 una mipaka na King kwa miaka kadhaa alikuwa amekwisha kuzoea kupiga akiwa ameketi. Lakini sanaa haipimwi kwa kile kilichoondolewa na umri. Inapimwa kwa matumizi ya kilichobaki. Katika ‘How Many More Years’ swali lililomo katika jina la wimbo lilikuwa, kwa Howlin' Wolf, tishio la mpenzi aliyechoka. Kwa King halihitaji hata kubadilishwa neno moja ili liwe swali la umri. Mstari mmoja wa gitaa baada yake, na kimya baada ya mstari huo, vinatosha.

Mkono wa Mtayarishaji

Itakuwa si uadilifu kuisifu albamu bila kumtaja T Bone Burnett, mtayarishaji wake, ambaye alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa kufufua sauti za zamani za Marekani katika muziki wa filamu O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000. Burnett alikusudia kuirudisha sauti ya King karibu na enzi ya miaka ya 1950, kabla ya mapambo ya baadaye. Besi ni ile kubwa ya kusimama, tarumbeta na saksafoni zinatumiwa kwa kiasi, na sauti nzima ina unyevu na giza.

Uamuzi huu una faida iliyo wazi: unamtoa King katika karamu na kumweka katika chumba kimoja na nyimbo. Lakini una gharama mbili ambazo wasifu wengi wamezinyamazia. Kwanza, rangi ya sauti inakaribia kuwa moja. Bluzi ya Jefferson kutoka Texas, ile ya mjini ya Lonnie Johnson na ile ya Howlin' Wolf inayonguruma zilikuwa na lahaja zake, na mpenzi wa fasihi anajua kwamba kuzifuta lahaja kwa ajili ya usanifu ni kupoteza sehemu ya maana. Katika nyimbo kadhaa za katikati, hasa zile za mapenzi za mwendo wa polepole, inakuwa vigumu kutofautisha ni wa nani aliyekuwa akikumbukwa. Wosia unaotaja majina unapaswa kuyaacha majina yasikike.

Pili, ukale wenyewe ni mtego. Miaka ya 1950 inayotamaniwa katika sauti hii haikuwa bustani. Ndiyo miaka ambayo King alisafiri kusini mwa Marekani akikataliwa hoteli na mikahawa kwa sababu ya rangi yake. Mtayarishaji anayeupaka ukale ule nta na kuung'arisha anaweza, bila kukusudia, kumpa msikilizaji wa leo starehe badala ya kumbukumbu. Soko lilionekana kuridhika: mwaka 2009 albamu ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya jadi, tuzo ya 15 kwa King. Neno hilo ‘jadi’ lina utata wake. Kuitwa wa jadi ni kuheshimiwa, na pia ni kuwekwa kabatini.

Kinachoiokoa albamu na mtego huu ni sauti ya King mwenyewe, ambayo inakataa kuwa kale. Haigizi mtu. Katika ‘Sitting on Top of the World’, uliorekodiwa na Mississippi Sheiks mwaka 1930 kwa fidla na gitaa, hakuna hata jitihada ya kurudi shambani. Mwimbaji ni mzee wa mjini aliyeona mengi, na kejeli ya wimbo, wa mtu aliyeachwa anayejitapa kwamba hana wasiwasi, inazidi kukolea kwa kutosisitizwa.

Kesho Usiku

Mpangilio wa albamu unafikia hatima yake katika wimbo wa kumi na mbili, ‘Tomorrow Night’, uliompa Lonnie Johnson mafanikio makubwa ya soko mwaka 1948. Kwa asili si wimbo wa bluzi kwa maana ya ubeti wa mishororo mitatu. Ni wimbo wa mapenzi wa kimjini, na dhamira yake ni shaka ya mpenzi: maneno matamu ya leo, je, yatakumbukwa kesho?

Kama ungekuwa katikati ya albamu wimbo huu ungepita kama burudani. Ukiwa mwishoni, baada ya kaburi, uchovu, kuachwa na gharika, unabadilika. Albamu imeanza na mtu anayeomba akumbukwe akiwa mfu, na inaisha na mtu anayeuliza kama atakumbukwa akiwa hai. Ombi la kwanza lilikuwa amri; la mwisho ni swali, na halijibiwi. Hapa King amefanya jambo ambalo wosia nyingi hazithubutu kulifanya. Anayeusia kwa kawaida hufunga kwa dua au kwa onyo, yaani kwa sauti ya anayejua. King anafunga kwa sauti ya asiyejua. Baada ya kuiagiza hadhira kwa mamlaka yote ya umri wake, anaiachia shaka yake mikononi.

Kufunga kwa Lonnie Johnson baada ya kufungua kwa Jefferson pia kunairudisha albamu kwenye gramafoni ya utotoni, kwa walimu wawili wa kwanza. Hili si pambo. Jefferson ni mwalimu wa ombi na Johnson ni mwalimu wa mstari wa gitaa, ule wa noti mojamoja zinazoimba, ambao bila huo pasingalikuwa na Lucille. Mwanafunzi amewaweka malangoni, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na yeye mwenyewe akakaa ndani.

Hitimisho

One Kind Favor si kazi bora kuliko zote za B. B. King. Anayeitafuta nguvu ya sauti yake na aende kwenye Live at the Regal. Anayetafuta upana wa fani yake ataukuta katika miongo iliyofuata. Udhaifu wa albamu hii, yaani usare wa sauti na mvuto wa ukale uliopambwa, ni wa kweli, na hauondolewi na tuzo wala umri. Hata hivyo, ni kazi inayomlazimisha mhakiki kuliacha swali la kama mzee bado anaweza, na kuuliza swali zito zaidi: anayesema kwa maneno ya wafu anasema kwa niaba ya nani, na anamdai nani?

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, kazi hii inatoa mfano wa wazi kwamba kupokezana utungo si kuurudia. Maneno ya mwaka 1927 yamesemwa tena mwaka 2008 karibu kama yalivyokuwa, na maana yake imebadilika kwa sababu ya yaliyotendeka, na hasa yasiyotendeka, katika miaka iliyo kati. Uhakiki unaoishia katika maneno pekee hauwezi kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa tofauti haimo katika maneno.

Septemba 2008, wiki chache baada ya albamu kutolewa, jumba la makumbusho lenye jina la B. B. King lilifunguliwa Indianola. Mwaka 2015 alizikwa katika uwanja wake, na kaburi lake lina watunzaji wa kudumu. Kwa upande wake mwenyewe, hisani aliyoiomba ametendewa. Kwa wale ambao aliwaimbia, deni bado linalipwa polepole, jiwe baada ya jiwe, na mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kuuziwa santuri zao.